Bei ya nyumba imeshuka, tathmini ya kodi haijagusika: wenye nyumba Marekani, mnalipa kwa kunyamaza

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira na sitaficha. Bei za nyumba zikipanda, ofisi ya mthamini wa kaunti, inayokadiria thamani ya nyumba ili itozwe kodi, haisubiri kuombwa. Kompyuta inapiga hesabu, thamani za mtaa mzima zinapandishwa kwa mkupuo, barua zinaingia sandukuni. Bei zikishuka, mzigo unahamia kwa mwenye nyumba: ajaze fomu, atafute ushahidi, aombe ruhusa kazini akasikilizwe. Ziko kaunti zinazoshusha zenyewe, California zipo kadhaa, nazo nazipa haki yao. Lakini kwingi, asiyelalamika anaendelea kutozwa kwa thamani ambayo nyumba yake haina tena.

Anayeona natia chumvi aangalie Detroit, jiji la jimbo la Michigan. Katiba ya Michigan inakataza nyumba kutathminiwa zaidi ya nusu ya bei yake ya soko. Soko likaporomoka baada ya 2008, vitabu vya jiji vikabaki na thamani za enzi zilizopita. Gazeti la Detroit News lilipopiga hesabu mwaka 2020 lilikuta wenye nyumba walitozwa kupita kiasi kwa angalau dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Tathmini mpya ya jiji zima ilikamilika 2017, na kufikia hapo makumi ya maelfu ya nyumba zilikuwa zimeshachukuliwa kwa deni la kodi. Familia zimetolewa nje kwa deni ambalo sehemu yake haikupaswa kuwepo! Hilo ndilo linalonifanya niandike kwa urefu huu.

Twende kwenye kazi yenyewe: kukata rufaa ili tathmini ishushwe.

Rufaa nyingi zinakufa kwa sababu moja: mtu anakwenda kulalamikia kodi. Bodi inayosikiliza rufaa haina uwezo juu ya kiwango cha kodi, na mshahara wako, ugonjwa au watoto walioko chuo havimo kwenye swali lake. Misamaha ya wazee, maveterani na walemavu ina dirisha jingine na fomu nyingine. Swali la bodi ni hili tu: siku ya tathmini, nyumba hii ingeuzwa kwa bei gani sokoni?

Na siku ya tathmini siyo leo. Texas na California ni tarehe 1 Januari ya mwaka huo. New Jersey ni 1 Oktoba ya mwaka uliotangulia. Massachusetts ndiyo inayokera zaidi: bili ya mwaka wa fedha 2025, ulioanza Julai 2024, inatumia thamani ya 1 Januari 2024. Soko likishuka baada ya tarehe hiyo, unaendelea kulipa bei ya zamani na kisheria ofisi haijakosea. Kwa hiyo kabla hujakusanya karatasi hata moja, tafuta tarehe ya tathmini ya jimbo lako na uiandike juu ya faili. California inakubali mauzo ya nyumba za kulinganisha mpaka 31 Machi, yaani siku 90 baada ya Januari mosi. Ukileta mauzo ya Mei, hata yawe mazuri namna gani, hayapokelewi.

Kisha siku za mwisho, ambazo ndipo wengi wanapoangukia. Texas ni 15 Mei, au siku 30 tangu notisi itumwe, ile inayochelewa zaidi. California dirisha linafunguliwa 2 Julai na kufungwa 15 Septemba au 30 Novemba kutegemea kaunti. New Jersey kaunti nyingi ni 1 Aprili. Massachusetts ni siku ya mwisho ya kulipa bili halisi ya kwanza (siyo ile ya makadirio), mara nyingi 1 Februari. Michigan, kwa nyumba ya kuishi, lazima upite kwanza kwenye bodi ya mapitio inayokaa Machi. Ukiikosa hiyo, mlango wa Baraza la Kodi la jimbo, linalosikiliza kesi za kodi, ambao hufungwa 31 Julai, kwa kawaida haukufungukii tena.

Hapa kuna mtego unaonichukiza. Unapiga simu ofisini, unapokewa kwa upole, unaambiwa "lete nyaraka tutaziangalia". Mazungumzo hayo ni halali na mara nyingi yanasaidia, lakini hayasimamishi saa ya rufaa. Wiki zinapita, simu hairudi, dirisha linafungwa. Peleka fomu rasmi kwanza, pata muhuri wa kupokelewa au risiti ya posta, ndipo uzungumze. Massachusetts hata ukimya una maana yake kisheria: ofisi isipojibu ndani ya miezi 3 ombi linahesabika limekataliwa, na una miezi 3 mingine tu ya kwenda kwenye bodi ya rufaa ya jimbo. Anayekaa akisubiri barua ya majibu anapoteza haki yake akiwa sebuleni.

Hatua ya kwanza ya ushahidi ni kadi ya kumbukumbu ya nyumba yako. Kila ofisi inayo, nyingi ziko mtandaoni, na ni haki yako kuiona. Pima nyumba kwa nje kwa futi, linganisha na futi za mraba zilizoandikwa. Angalia idadi ya vyumba vya kulala na mabafu, mwaka wa ujenzi, hali ya nyumba, kama kuna gereji. Angalia sana chumba cha chini ya ardhi: kimeandikwa kimemalizwa wakati ni saruji tupu? Roshani imehesabiwa kama sebule? Kosa la kadi ndilo rahisi kushinda kwa sababu halibishaniwi, linapimwa. Ukilikuta, angalia na kadi za miaka ya nyuma, maana baadhi ya majimbo yanarudisha pesa za makosa ya kuandika hata nje ya dirisha la rufaa.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa kesi: nyumba za kulinganisha. Tatu mpaka tano zinatosha. Ziwe mtaa uleule au unaofanana, aina ileile, ukubwa usiopishana sana, zimeuzwa karibu na siku ya tathmini, kwa muuzaji na mnunuzi wasio ndugu. Texas bei za mauzo haziandikishwi hadharani, kwa hiyo utahitaji dalali mwenye leseni akutolee orodha. Makadirio ya Zillow, ile tovuti ya bei za nyumba, usiyapeleke. Ni hesabu ya kompyuta dhidi ya hesabu ya kompyuta, na bodi itaamini ya ofisi.

Marekebisho yanafanywa kwenye nyumba iliyouzwa, kamwe si kwenye yako. Tuseme umetathminiwa dola 305,000 kwa tarehe 1 Januari. Nyumba ya jirani iliuzwa 310,000 mwanzoni mwa Julai iliyopita. Ukiitazama hivihivi inakuzamisha. Lakini kama mauzo ya mtaani yanaonyesha bei zimeshuka asilimia 1 kwa mwezi, miezi 6 ni asilimia 6: 310,000 inakuwa 291,400. Nyumba hiyo ina bafu la ziada ambalo soko linalithamini dola 8,000 na gereji ya dola 12,000 ambayo wewe huna. Toa 20,000, unabaki na 271,400. Fanya hivyo kwa zote tatu, weka kwenye jedwali la ukurasa mmoja, na uonyeshe kila tarakimu imetoka wapi. Marekebisho ya muda ndiyo watu husahau, na katika soko linaloshuka ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Nyumba zilizonadiwa na benki, ofisi itakwambia hazihesabiki kwa sababu muuzaji alilazimika. Mara nyingi wako sahihi. Ila mtaa ukiwa na mauzo mengi ya aina hiyo, hayo ndiyo soko, na mnunuzi yeyote anayalinganisha. Zitumie kama nyongeza baada ya mauzo ya kawaida, usizifanye msingi.

Ubovu wa nyumba nao ni pesa, mradi uwe na makadirio ya maandishi ya fundi. Msingi uliopasuka, paa linalovuja, mabomba ya kubadilisha: picha zenye tarehe na karatasi ya gharama. Maneno matupu "nyumba ni ya zamani" hayashushi hata dola moja.

Sasa vikomo vya kupandisha thamani, maana hapa ndipo hasira hukosa shabaha. Texas, nyumba unayoishi yenye msamaha wa makazi haiwezi kupandishwa thamani ya kutozwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Michigan, tangu sheria ya 1994, thamani ya kutozwa hupanda kwa mfumuko wa bei au asilimia 5, ile ndogo. Matokeo yake, soko linaweza kushuka na bili ikapanda, kwa sababu thamani iliyozuiwa ilikuwa chini sana na bado inapanda kuifuata ya soko. Kama soko limeshuka kutoka 400,000 hadi 370,000 lakini unatozwa kwa 300,000, rufaa ya soko haitakupunguzia kitu mwaka huu. California chini ya Proposition 13, sheria iliyopigiwa kura na wananchi 1978, msingi (thamani ya nyumba uliponunua) hupanda si zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, na Proposition 8 ya mwaka huohuo inashusha tathmini pale soko linapokuwa chini ya msingi huo. Ni nafuu ya muda: soko likirudi, tathmini inaweza kuruka zaidi ya asilimia 2 mpaka ifike pale msingi ungekuwa. Wanaonunua kwenye kilele cha bei ndio wenye kesi nzuri kule.

New Jersey ina hesabu yake. Kila mji una uwiano wa wastani kati ya tathmini na bei ya soko, na tathmini yako inaruhusiwa kupishana nao kwa asilimia 15 ya uwiano huo. Mji wenye uwiano wa 80, kikomo cha juu ni 92. Umetathminiwa 400,000 na umethibitisha nyumba ni 450,000: 400 kwa 450 ni asilimia 88.9, uko ndani, umeshindwa. Ukithibitisha ni 420,000, inakuwa 95.2, umevuka, na tathmini inashushwa hadi asilimia 80 ya 420,000, yaani 336,000. Piga hesabu hii mezani kwako kabla ya kulipa ada, kwa sababu tathmini ikionekana iko chini ya kikomo cha chini, bodi inaweza kuipandisha.

Na msidanganyike kwamba mtaa mzima ukishuka asilimia 10, bili zitashuka asilimia 10. Mahali ambapo halmashauri inapanga kwanza kiasi cha kukusanya, kiwango kinapandishwa na bili inabaki palepale. Anayeumia hasa ni yule ambaye nyumba yake imeshuka kuliko za wengine na tathmini haikumfuata. Ndiyo maana Texas unapojaza fomu ya rufaa, 50-132, uweke alama sehemu zote mbili: thamani kupita soko, na kutotozwa sawa na wenzako. Ya pili huangalia tathmini za nyumba zinazofanana, si bei zake za mauzo, na inaweza kushinda hata ya kwanza ikishindwa. Omba pia kwa maandishi ushahidi wa ofisi. Wanapaswa kukupa angalau siku 14 kabla, na ulichoomba wasichokupa kwa wakati hakiruhusiwi kutumika dhidi yako.

Siku ya kusikilizwa muda ni mfupi, mara nyingi dakika chache. Nakala za kutosha kwa wajumbe, ofisi na wewe. Anza na tarakimu unayoitaka, kisha jedwali, kisha picha. California, kwa nyumba anayoishi mwenyewe, mzigo wa kuthibitisha uko kwa mthamini ukishatoa taarifa zote zinazotakiwa, wakumbushe. Huko pia, bodi isipoamua ndani ya miaka 2 na wewe hukusaini kuongeza muda, thamani uliyoandika kwenye fomu ndiyo inayotumika. Kwa hiyo usisaini karatasi ya kuongeza muda bila kuisoma.

Rufaa haisimamishi malipo. Lipa kwa wakati, New Jersey na Massachusetts ukiwa na deni kesi yako inaweza kutupwa, na ukishinda unarudishiwa. Makampuni yanayokuandikia yakidai ada ya kujaza fomu ambayo kaunti inatoa bure, chana barua. Wanaochukua sehemu ya kodi uliyookoa wakishinda ni biashara halali, lakini soma kama mkataba unajirudia kila mwaka wenyewe.

Mwisho, kama benki ndiyo inayolipa kodi kutoka kwenye malipo yako ya mkopo wa nyumba, kushinda peke yake hakutoshi. Watumie uamuzi wa bodi kwa maandishi na udai wakokotoe upya makato ya mwezi, la sivyo watakata kwa thamani ya zamani mpaka wafike kwenye mapitio yao ya mwaka.

Wenye uzoefu wa Minnesota, Ohio, Georgia na Washington, wekeni tarehe na fomu za huko hapa chini.