Kangal, Boerboel au mbwa wa kienyeji: nimchukue yupi alinde mbuzi?

MfugajiWaMonduli: Wakuu, habari za jioni. Fisi wamenisumbua tangu mvua zianze, na nimekusudia kununua mbwa mwishoni mwa mwezi huu. Nimepata habari za Kangal anayeuzwa Nairobi, na jirani yangu ananishauri nichukue Boerboel. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kulinganisha.

BibiShamba: Ndugu yangu, hujasema una mbuzi wangapi, zizi lako ni la namna gani, nani anayewachunga mchana, wala kama fisi huja usiku au huwavamia machungani. Na huyo Kangal ana umri gani? Bila hayo tutakuwa tunakisia tu.

Mtemi_Kangal: Mimi sioni cha kulinganisha. Kangal ametokea Sivas, nchini Uturuki, ambako kwa vizazi vingi amekuwa akilala na kondoo na kupambana na mbwamwitu, na dume aliyekomaa hufikia kilo 50 hadi 65. Kule Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwagawia wafugaji mbwa wa asili hiyo ya Anatolia, yaani upande wa Asia wa Uturuki, tangu mwaka 1994, ili mbuzi wapone na duma wasiuawe kwa kulipiza kisasi. Boerboel ni mbwa wa Afrika Kusini wa kulinda nyumba na watu wake. Kundi la mbuzi halikuwa kazi yake.

Olbalbal: Naomba nieleze kwa urefu yaliyonipata, kwa sababu swali la umri aliloliuliza Bibi ndilo lililoniponza. Nilinunua dume la Kangal la miezi minane, lililokuzwa ndani ya ua wa nyumba mjini pamoja na watoto, nikaliingiza zizini siku ileile nikiamini kwamba damu yake ingelifundisha kazi. Halikuwa limewahi kuishi na mbuzi. Wiki ya kwanza lilikuwa likiwafukuza kwa mchezo na kuwauma masikio; wiki ya pili nilikuta wanambuzi wawili wamekufa, hawakuliwa hata kidogo, wamechoshwa na mchezo wa mnyama mwenye uzito mara nyingi kuliko wao. Nikalifunga mnyororo mchana kutwa, likawa kali, na mwishowe likamuuma kijana wangu wa machungani pajani. Mbwa wa kazi hii huwekwa na mbuzi tangu wiki ya nane, analala nao, anakula karibu nao, na mtu anamkanya kila anapoanza kuwafukuza, kwa maana akili ya utu uzima haimjii kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Kijana yule ana kovu hadi leo, na bado linaniuma.

Mtemi_Kangal: Pole sana, lakini hilo ni kosa la malezi, si la aina ya mbwa.

Olbalbal: Sijalaumu aina. Nasema mbwa mkubwa akikosewa malezi, hasara yake nayo huwa kubwa.

MgangaWaMifugo: Pamoja na bei, hesabuni matunzo. Mbwa wa kilo 55 hawezi kuishi kwa ugali na makombo. Anahitaji dagaa, damu iliyopikwa au nyama, na agawiwe mara mbili kwa siku, kwa kuwa mbwa wa kifua kirefu wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, hali inayoua kwa saa chache. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, dawa ya minyoo na kupe isikosekane, na msimpe matumbo mabichi yenye vifuko vya maji, kwani tegu wake huweza kuwaambukiza watu wa nyumbani.

BintiLongido: Manyoya yale mazito hayamtesi kwenye joto letu? Mwenzangu alimnyoa wake.

MgangaWaMifugo: Asimnyoe. Manyoya hayo humkinga na jua pia. Apewe kivuli na maji ya kutosha, na achanwe yanapopukutika.

BibiShamba: Mimi nitamtetea mbwa wa kienyeji. Botswana wafugaji wanatumia mbwa wao wa Kitswana, wadogo kwa umbo, wanaokula kidogo na kuzoea joto na kupe, na wanafanya kazi vizuri, kwa sababu kazi kubwa ya mlinzi ni kubweka na kusimama kati ya mbuzi na adui.

Mtemi_Kangal: Mbele ya fisi watatu, kubweka hakutoshi.

BibiShamba: Basi wafugwe wawili au watatu, na zizi liimarishwe.

MfugajiWaMonduli: Samahani kwa kuchelewa. Mbuzi ni 64, zizi ni la miiba, fisi huja usiku, na mchana anachunga mdogo wangu. Kangal wa Nairobi ana miezi saba, na sasa naogopa. Jirani ana jike la kienyeji lililozaa bomani kwake, katikati ya mbuzi, ila moyo wangu bado uko kwa mbwa mkubwa.

Olbalbal: Hao watoto wana wiki ngapi?

MfugajiWaMonduli: Tano.

Olbalbal: Una wiki tatu za kufikiri. Anza kuziba mianya ya zizi kesho asubuhi.