Sevu ya binti yangu inakufa nusu saa ya mwisho. Ni uchovu au ni mkono?

Fundi_Friji (Upanga)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi si mchezaji, kazi yangu mafriji na viyoyozi, tenisi nimeijua kwa sababu ya mtoto. Binti ana miaka 12, anacheza mwaka wa tatu sasa. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Sevu, ule mpigo wa kuanzisha pointi, wanaiweka mwisho kabisa: kocha anamwachia kikapu kizima, mipira sabini na kitu, anasevu mpaka kiishe, halafu waokote waende nyumbani.

Nakaa chini ya mkungu na daftari langu la risiti, nimeanza kuhesabu. Alhamisi iliyopita mipira 20 ya kwanza iliingia 13. Ishirini ya mwisho iliingia 5, na iliyokosa karibu yote ilikwenda kwenye neti, haikutoka nje. Kocha anamwambia "ongeza nguvu". Anaongeza, inazidi kuzama.

Mwaka huu amerefuka ghafla, viatu nimenunua mara mbili. Na tangu Krismasi anatumia raketi ya mjomba wake ya inchi 27, urefu wa watu wazima, ile yake ya 26 kampa mdogo wake. Nikimuuliza bega anasema linauma kidogo, nikimuuliza mbele ya kocha anasema haliumi.

Likizo ya Pasaka kuna mashindano. Kocha anataka tupande mpaka vikapu viwili. Nikubali?

Kijana_wa_Kinondoni

Mzee usimdekeze. Mazoezi ndiyo hayo hayo. Okutoyi wa hapo Kenya unadhani alifika Wimbledon kwa kuhesabiwa mipira na baba yake?

Muokota_Mipira

Kijana, tuanze na wewe. Angella Okutoyi alichukua Wimbledon ya vijana mwaka 2022, wasichana wawili wawili, na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Sote tulifurahi. Lakini wewe na mimi tuliona kombe, ratiba yake ya mazoezi hatukuiona. Tusimtumie kumchosha mtoto wa mtu.

Fundi, jina langu humu ndiyo historia yangu. Nilianza kuokota mipira ya wakubwa nikiwa darasa la nne, wakiondoka tunacheza na raketi zilizokatika nyuzi. Nimefundisha miaka zaidi ya 25. Daftari lako limeshakujibu: mipira inakwenda kwenye neti. Kosa la ufundi tu lingeonekana tangu mipira ya kwanza. Aliyechoka, mpira unashuka.

Jumanne usihesabu tena, angalia vitu vinne. Magoti: mwanzo yanakunja, mwisho anasevu amesimama kama mlingoti. Mkono wa kushoto: unashuka mapema, na mpira anaourusha unakuwa mfupi. Kiwiko cha kulia: kinaanguka chini ya bega. Halafu mguu anaotua nao: akiwa mzima anaingia ndani ya uwanja, akichoka anabaki palepale kwenye mstari.

Magoti ndiyo hutangulia, na hapo ndipo penye hatari. Sevu inaanzia chini, miguu inasukuma, nyonga na kiwiliwili vinazunguka, bega linapokea mwendo ambao tayari upo. Miguu ikigoma mpira bado lazima uende, basi deni lote linalipwa na bega. Sasa hapo kocha anaposema "ongeza nguvu", mtoto ataitoa wapi? Mkononi tu.

Piga hesabu hii. Mechi inagawanywa seti, seti inagawanywa gemu, na wachezaji wanapokezana kusevu gemu kwa gemu. Seti ya gemu kumi, mtoto anasevu gemu tano. Gemu moja tuseme pointi sita. Hizo ni pointi 30, ongeza sevu za pili, maana ya kwanza ikikosa unapewa nyingine, unafika mipira 40 hivi, tena kati yake anapumzika, anabadilisha upande, anakunywa maji. Kikapu chenu ni karibu seti mbili zilizobanwa ndani ya dakika ishirini, baada ya saa moja na nusu ya kukimbia kwenye joto la Dar. Vikapu viwili ni karibu seti nne! Wenzetu wa besiboli Marekani wana mwongozo: mrushaji wa miaka 11 na 12 asizidi mipira 85 kwa siku, na akiikaribia anapewa siku za kupumzika. Sisi kwenye tenisi hesabu hiyo inabaki kwa kocha na mzazi.

Kwa nini sevu huwekwa mwisho? Nitasema ukweli hata kama wenzangu watanuna. Ni kwa sababu kocha naye amechoka. Sevu haihitaji mtu wa kurudisha mpira, unakaa kwenye benchi unasema "goti, goti" huku unasoma simu. Nimefanya hivyo miaka mingi. Nilikuwa na kijana wa miaka 14, mkono wa ajabu, nikawa namwachia vikapu viwili kila jioni nikijivunia. Siku moja alishindwa kuvua shati. Alikaa nje muhula mzima, na aliporudi alikuwa anasevu kwa woga. Yule ni wangu, simsingizii mtu.

Sasa ninavyofanya: wakishapasha mwili moto, sevu kwanza. Mipira 20, maji, kazi nyingine, halafu 20 tena. Goti likigoma tunaacha hata kama ni mpira wa tisa. Mwisho wa mazoezi naweka michache tu, nane hivi, lakini kwa pointi: "umefungwa 30-40, hii ni sevu ya pili", yaani ukikosa gemu limekwenda. Maana mechi nayo itamdai sevu akiwa amechoka, hilo lazima alizoee. Ila nane, siyo sabini.

Raketi ya mjomba mrudishie mjomba. Na kama ameanza kufundishwa sevu ya kupinda mgongo ili mpira uruke juu, isubiri. Kiuno cha mtoto anayerefuka hakiitaki.

Mama_Fizio

Baba, naongezea upande wangu, nafanya kazi ya viungo hospitalini. Usimuulize "bega linauma?" Mwambie akuonyeshe kwa kidole kimoja. Kidole kikienda juu ya mkono, pale unapoungana na bega, usisubiri Pasaka. Umri huo mfupa una sehemu laini karibu na ncha, ndiyo inayorefuka, na kuvutwa mara elfu kunaichokoza. Aache kusevu mpaka daktari amwone. Na tafadhali asipewe dawa ya maumivu ili acheze, utakuwa umezima kengele huku nyumba inaungua.

Halafu swali. Siku ambazo hana tenisi, mkono huo unafanya nini?

Fundi_Friji (Upanga)

Mama umenikamata. Jumatatu na Jumatano ana netiboli shuleni, na yeye ndiye mfungaji. Sikuwahi kuiweka kwenye hesabu kwa sababu siilipii.

Kocha nimwingieje? Ni mtu mzuri, sitaki aone namfundisha kazi.

Muokota_Mipira

Usimwendee uwanjani mbele ya wazazi wengine. Mpigie asubuhi, mwambie mtoto analalamika bega, unaomba ushauri wake. Mwache yeye mwenyewe aseme kupunguza.

Fundi_Friji (Upanga)

Narudi na mrejesho, siku kumi zimepita.

Kidole kilikwenda palepale alipotaja Mama Fizio. Alikionyesha bila kufikiri, nikajisikia vibaya, nimekaa chini ya ule mti miezi naandika namba. Daktari amempiga picha, akasema wiki nne hakuna sevu wala kurusha mpira wa netiboli, halafu amwone tena. Mashindano ya Pasaka ndiyo hivyo, hachezi. Alilia siku moja, ya pili akauliza kama kula aiskrimu kunaruhusiwa.

Kocha nilimpigia asubuhi kama ulivyosema, Mzee. Alinyamaza kidogo, akasema "na mimi nilikuwa naona mkono unashuka". Sasa watoto wote wanasevu mwanzo. Binti anacheza fohendi na bekihendi, ile mipigo ya chini ya kulia na kushoto, taratibu, kwa ruhusa ya daktari, na nyumbani anafanya zoezi la kurusha mpira kwa mkono wa kushoto tu. Nimeweka mfuniko wa ndoo ya rangi mbele kidogo ya mguu wake wa kushoto, mpira ukishuka uugonge. Jana katika kumi uligonga saba. Feni ya sebuleni imegongwa mara mbili.

Muokota_Mipira

Mtoe sebuleni kabla mama yake hajawatoa wote wawili. Na asirushe kwa kukunja kiwiko. Mkono unyooke, upande taratibu, auachie mpira ukifika usawa wa macho.