Mjadala: Je, kumlewesha komba kwa tembo ili akamatwe ni njia isiyo na madhara?

Mleta mada:
Barazani palizungumzwa habari ya komba wanaoharibu matunda mashambani, na mzee mmoja wa Chake Chake akatetea njia ya zamani ya kumwekea mnyama huyo kibuyu cha tembo chini ya mti, anywe hadi alewe, kisha aokotwe alfajiri. Hoja yake ni kwamba wanyama wa msituni wamekula matunda yaliyochacha tangu dunia iumbwe, kwa hiyo kileo hakiwadhuru. Mimi napinga, kwa sababu kila ukoo wa wanyama una historia yake ya kuupata ustahimilivu huo au kuupoteza.

Yapata miaka milioni 10 iliyopita, babu wa pamoja wa binadamu, sokwe na gorila alipata badiliko dogo katika jeni ya kimeng'enya kinachovunja kileo, na uwezo wa kimeng'enya hicho ukaongezeka takriban mara 40. Wanasayansi hulihusisha badiliko hilo na kushuka kwa viumbe hao ardhini, ambako matunda yaliyoanguka huwa yameshaanza kuchacha. Ndovu wa Afrika alikwenda njia nyingine: jeni mojawapo ya aina hiyo imeharibika kwake, inadhaniwa ni kwa kuwa chakula chake kikubwa ni majani na magome, wala si matunda. (Huku kwetu jina moja, tembo, huwabeba mnyama na kinywaji, na labda ndiyo maana tunaamini upesi kwamba wanapatana.)

Mchangiaji wa Wete:
Ndugu yangu, umewaeleza sokwe nusu. Sokwe wa Bossou, nchini Guinea, walionekana katika kipindi cha miaka 17 wakichovya majani waliyoyatafuna ndani ya vyombo vya wagema na kunywa tembo la mwale, lenye kileo cha wastani wa asilimia 3.1. Na huko Malaysia yupo mnyama wa gramu 50 hivi anayekunywa nekta iliyochacha, yenye kileo kinachofika asilimia 3.8, asionekane kuyumba. Komba ni mkubwa kuliko huyo mara nyingi.

Mleta mada:
Shekhe wangu, ukubwa sikuutaja. Sokwe anashiriki badiliko letu, na huyo wa Malaysia nekta ndiyo chakula chake cha kila usiku. Komba yumo katika ukoo uliotengana na wetu zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, kabla badiliko hilo halijatokea. Jamaa yake wa mbali wa Madagascar, aye-aye, alilipata kivyake, nalo halimfai komba kitu. Mnyama anayezoeshwa kidogo kidogo hujenga ustahimilivu wa muda, ini na ubongo wake vikijirekebisha, na akiachishwa huupoteza. Komba anayekutana na kibuyu usiku mmoja hana hata huo. Isitoshe, mtego wenyewe hufanya kazi kwa sababu komba hushindwa na tembo. Angekuwa analistahimili, asubuhi mzee wetu angekuta kibuyu kitupu na komba yuko juu ya mpapai.