Baa ya nyumbani, chumba cha chini, Kigoma: mninga, paini au mbao za boti kuukuu?

Mwisho_wa_Reli
Habari za jioni wakuu. Nina chumba cha chini ya nyumba hapa Kigoma mjini, kimejaa makorokoro tu. Nataka nikigeuze baa ndogo ya nyumbani, marafiki wakija wikiendi tukae humo badala ya kuzurura. Kaunta, shelfu mbili za chupa na stuli, vyote vya mbao. Sitaki mbao za kung'aa za ofisini. Nataka mafundo yaonekane, nyufa kidogo, kingo zibaki zilivyotoka porini, mtu akiingia adhani yuko kwenye kibanda cha mvuvi mwenye hela.

Yaliyopo mezani ni haya: mninga kutoka Tabora, kuna jamaa anashusha, paini ile ya rangi ya kijani, yenye dawa, na mbao za boti kuukuu pale Kibirizi, muuzaji anasema nyingine zilitoka Liemba. Fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi. Ipi bora?

Dagaa_Kavu
Mninga. Uzi ufungwe.

Fundi_Katubuka
Bora kwa lipi? Chumba kina ukubwa gani? Dari futi ngapi? Bajeti? Kuta ngapi zimegusana na udongo? Umeandika yote isipokuwa yanayotakiwa.

Mama_Mawese
Na mke anajua?

Mnyamwezi_Halisi
Mkuu, ulipotaja Tabora nimeamka. Mninga una sifa moja ambayo hao wengine hawana: ukishakauka hautembei. Mbao nyingi zikipata unyevu zinavimba, zikipata joto zinasinyaa, mwisho zinapinda. Mninga unabadilika kidogo sana, ndiyo maana milango ya wazee wetu bado inafunga vizuri. Unakubali randa, unakubali msumari, na kiini chake mchwa hawakipendi.

Ila angalia mambo mawili. Kwanza chukua kiini, ile sehemu ya kahawia yenye michirizi. Weupe wa pembeni ni chakula cha wadudu. Pili, mwambie huyo jamaa akuoneshe mbao zimegongwa nyundo ya alama ya ukaguzi, na kibali cha kusafirishia kutoka kwa watu wa misitu, TFS. Mninga unaoshushwa usiku bila karatasi, ukikamatwa nyumbani kwako ni wako, si wake.

Bwana_Kalafati
Nimecheka hapo kwenye Liemba. Liemba ni meli ya chuma! Imejengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapahapa Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Mbao gani zimetoka huko za kutosha kuuzwa Kibirizi? Mwambie huyo muuzaji akuuzie na usukani.

Lakini usizidharau mbao za boti. Nimeziba boti miaka mingi, nazijua. Ubao uliokaa majini na juani muda mrefu umeshamaliza kupinda kwake. Na Tanganyika ni maji baridi, hakuna chumvi ya kula misumari, kwa hiyo ubao hauna yale madoa meusi makubwa. Muonekano unaoutaka fundi hawezi kuutengeneza, unakuja na ubao: matundu ya misumari, mabaki ya rangi ya bluu, alama za kamba.

Dagaa_Kavu
Na harufu yangu 😂

Bwana_Kalafati
@Dagaa_Kavu harufu inatoka. Unasugua kwa brashi ya waya, maji ya moto na sabuni, unaanika kivulini. Iliyobaki inazibwa na vanishi.

Fundi_Randa
Inatoka kwako wewe uliyezoea. Mimi nimewahi kuletewa hizo mbao kwenye mashine. Msumari mmoja uliovunjikia ndani, visu vyote vya mashine vikapata mapengo. Sasa hivi mteja akinitajia boti namwambia alipie visu kwanza.

Mwisho_wa_Reli
Asanteni wakuu. Majibu: chumba futi 14 kwa 11. Dari futi 8 kasoro kidogo. Bajeti laki tisa, pamoja na fundi. Nyumba ipo kwenye mteremko, kwa hiyo mbele kuna mlango na dirisha dogo, ukuta wa nyuma wote uko ndani ya kilima. Masika unatoa alama ya maji kidogo kwa chini, lakini si mbaya. Kaunta ndiyo itaegemea huko.

Fundi_Katubuka
Kumbe! Hiyo "alama ya maji kidogo" ndiyo uzi mzima. Tunabishana mbao wakati ukuta unalia.

Fanya hivi kabla hujampa mtu senti. Kata kipande cha nailoni nzito, kama futi mbili kila upande, kibandike kwenye huo ukuta kwa gundi ya karatasi kuzunguka kingo zote. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ukutani, maji yanapita kutoka kwenye udongo. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni hewa tu ya humo ndani, na hiyo dawa yake ni kupitisha upepo.

Kama yanatoka udongoni, kazi inaanzia nje: mfereji juu ya nyumba ugeuze maji ya kilima, mabati yawe na mtaro, ndipo uje ndani na plasta yenye dawa ya kuzuia maji. Ukipaka ndani tu, maji yatasukuma plasta itoke na rangi yake. Na usiegemeze kaunta huko. Acha nafasi ya mkono upite kati ya mbao na ukuta. Miguu isikanyage sakafu moja kwa moja, weka kipande cha vigae au mpira chini yake.

Paini_Tosha
Laki tisa na fundi halafu mnamwambia mninga? Kuweni na huruma. Paini ya Mafinga ipo, nyepesi, rahisi kufanyia kazi. Nunua mbili kwa sita, ichome juu juu kwa moto wa gesi, isugue kwa brashi ya waya, mistari ya mbao inasimama yenyewe. Piga vanishi ya rangi ya kahawa. Wageni hawatajua.

Mwalimu_wa_Kemia
@Paini_Tosha samahani ndugu yangu, hapo lazima niingilie. Mwenye uzi amesema paini YA KIJANI. Ile rangi ni dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Kuichoma ni kuvuta aseniki, tena kwenye chumba chenye dirisha moja. Hata maranda yake hayafai kuwashia jiko wala kutandikia kuku. Na juu ya kaunta ambapo watu wataweka glasi, ndimu na sahani ya samaki, mbao hiyo haifai. Kama ni paini, chukua ile isiyo na dawa kwa sehemu zinazoguswa. Ya kijani ibaki kwenye fremu ya ndani.

Paini_Tosha
Mimi nilimaanisha ile ya kawaida.

Mwalimu_wa_Kemia
Hukusema.

Reli_ya_Kati
Mbona hamtaji mataruma? Nimeona picha za nje, wanatengeneza baa kwa mataruma ya reli, inatisha kwa uzuri. Na sisi tuko mwisho wa reli kabisa.

Fundi_Randa
Mataruma ya reli yetu mengi ni ya chuma mzee. Na hata ungepata ya mbao, yanalowekwa kreosoti, harufu ya lami mpaka uzeeni. Halafu ukikutwa nayo ndani utaeleza ulichong'olea wapi.

Mnyonge_wa_Mbao
Nimesoma kimya, acha na mimi nitoe ya moyoni. Nilijengewa kaunta ya hivyo Tabora, ya chumba cha kukaribishia wageni. Muuzaji alituapia mninga umekaa ghalani mwaka mzima. Fundi alipoanza kupiga randa, maranda yakawa yanatoka yamelowa, yanashikamana kiganjani. Tukampigia simu. Akasema hayo ni mafuta ya mti. Mafuta gani yanakauka ukiyaanika?

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa karibu, kazi ikaendelea. Vanishi ikakolea, watu wakapiga picha. Kiangazi kilipoingia, ubao wa juu ukaanza kubonyea katikati kwa urefu wake wote. Ukiweka chupa ukingoni unaiona inaondoka taratibu kuja katikati, wageni wakawa wanaifanyia mchezo. Viungio vya pembeni vikaachia, kadi ya benki ilikuwa inapita.

Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni unga. Kila asubuhi chini ya ukingo wa mbele kuna unga laini wa njano. Unafagia, kesho yake upo. Nikainama na tochi nikaona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, vimejipanga kwenye mstari mmoja tu. Fundi mwingine akakwangua vanishi pale. Chini yake ubao ni mweupe! Walikuwa wameupaka rangi ufanane na kiini. Bungua, wale wadudu wa kutoboa mbao, hawakudanganyika, ni sisi tu. Muuzaji hapokei simu mpaka leo. Ile kaunta sasa kuku wanaatamia juu yake, na unga bado unatoka.

Mama_Mawese
Pole sana jamani. Na mdogo wako ndoa ipo?

Mnyonge_wa_Mbao
Ipo, namshukuru Mungu. Hiyo tu ndiyo haikupinda.

Mnyamwezi_Halisi
Hapo usiulaumu mninga, uliletewa weupe mbichi. Kukausha kwa upepo tunahesabu karibu mwaka kwa kila inchi ya unene, zimepangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Mbao ya inchi mbili iliyokatwa mwezi uliopita haiwezi kuwa kavu hata muuzaji aape kwa nani. Inyanyue: mbichi ni nzito isivyo kawaida, na ukiigusisha shavuni unasikia ubaridi.

Mchana_Mbao_Kasulu
Kuna kitu cha nne mmekisahau: mabanzi. Yale ya pembeni ya gogo, upande mmoja bapa, upande mwingine gome. Kwenye mashine ya kuchana watu wanayachukua kwa kuni. Ukiyapigilia mbele ya kaunta yenye fremu ya paini, umepata hicho kibanda cha mvuvi kwa hela ya soda. Nina mzigo, njoo PM.

Mnyonge_wa_Mbao
Mabanzi ni weupe na gome mwanzo mwisho. Hao bungua watakuandikia barua ya shukrani.

Mchana_Mbao_Kasulu
Ndiyo maana unatoa gome lote na kupiga dawa ya wadudu pande zote kabla ya kupigilia. Gome likibaki, lazima likae na wapangaji.

Mgeni_wa_Uzi
Na mkurungu je? Kigoma si ndiyo kwao?

Mnyamwezi_Halisi
Mzuri, mzito, mwekundu. Lakini umevunwa sana kwa ajili ya kupelekwa nje, mpaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Usiuguse bila karatasi zilizonyooka.

Ustadhi_wa_Ujiji
Assalamu alaykum. Mimi sina neno kuhusu mbao. Nauliza tu, lazima iwe pombe? Kaunta hiyohiyo ingetoka kahawa chungu, tangawizi na kashata, na majirani wote tungekuja.

Dagaa_Kavu
Ndiyo maana haiwekwi kahawa, mtakuja wote.

Afisa_Mstaafu
Niongeze tu: kuwakaribisha rafiki zako ni jambo lako. Siku utakapoanza kuuza hata chupa moja, hiyo ni biashara na inataka leseni ya vileo. Wengi wanaanzia kwenye "changieni ya friji".

Fundi_Katubuka
Turudi kwenye vipimo. Juu ya kaunta iwe inchi 42 toka sakafuni, stuli inchi 30, vinginevyo watu watakunywa wamekunja shingo. Ubao wa juu utokeze mbele inchi 10 hivi ili magoti yapate pa kukaa. Nyuma ya kaunta acha futi tatu za kupita na kufungulia friji. Kwa chumba cha 14 kwa 11, kaunta ya futi 6 inatosha. Na vanishi msipige mmefunga mlango, ile tina inalewesha kabla ya bia na moto wa sigara unaidaka.

Kingine: umeme ukikatika usiingize jenereta wala jiko la mkaa humo chini. Ile hewa yake ya sumu haina harufu na dirisha moja dogo haliitoi.

Bwana_Kalafati
Mimi nasema bado: juu weka mbao za boti, chini chochote.

Fundi_Randa
Juu mninga, ubao mmoja mpana tu. Mbele mbao za boti, ambako hakuna randa. Hapo visu vyangu vimepona.

Mwisho_wa_Reli
Nimeelewa, asanteni sana. Nailoni nimebandika jana, leo asubuhi ina matone. Upande wa ukutani. Kuhusu mfereji wa nje inabidi niongee kwanza na mama, maana huko juu ndiko alikopanda migomba yake.

Fundi_Katubuka
Mama? Nyumba ya nani?

Mwisho_wa_Reli
Ya familia. Mama anakaa juu, mimi nakaa upande wa pili.

Mama_Mawese
Nilimuuliza mke, kumbe swali lilikuwa mama mkwe wake 😂 Mwanangu, mama anajua anajengewa baa chini ya kitanda?

Mwisho_wa_Reli
Anajua ni "sebule ya chini".

Ustadhi_wa_Ujiji
Kahawa bado ipo mezani.

Fundi_Katubuka
Mkuu, huyo fundi wa Jumamosi mwambie asubiri. Ukuta kwanza, na migomba kabla ya ukuta.

Bwana_Kalafati
Asubiri nini? Mbao za boti hazisubiri, zikipata mtu zinaondoka. Kaunta akae nayo mbele karibu na mlango, ukuta wa nyuma auache ulie peke yake.

Fundi_Katubuka
Unyevu haukai nyuma tu, unajaa chumba kizima. Shelfu zitaota ukungu huko huko mlangoni.

Bwana_Kalafati
Ubao uliokaa ziwani unamwogopesha na ukungu?

Mgeni_wa_Uzi
Samahani kuwaingilia, hiyo friji ndogo ya baa inakula umeme kiasi gani? Nataka ya kuwekea migebuka dukani.

Dagaa_Kavu
Fungua uzi wako. Ila migebuka weka friza, si friji.