Pointi za mezani: gumzo la familia, usiku wa 26 Julai 2022

Dada Mwanaisha (Doha): Assalaam alaykum jamani. Nimefungua mdahalo wa wagombea urais huku naona Ruto peke yake. Ni bando langu ama?

Halati Zuhura: Waalaykum salaam mwanangu. Bando lako zima. Ni yeye tu.

Fahmi: Raila alisema tangu Jumapili hatakuja.

Ami Hamisi: Aliambia watu sababu. Alitaka waulizwe ufisadi na maadili, si porojo. Sasa hivi yuko Jericho, Eastlands, anaongea na wananchi. Badilisheni stesheni muone.

Mjomba Kombo: Asiyekuwepo na lake halipo, shemeji 😂😂

Ami Hamisi: Na 2017? Uhuru alikuja? Baba Raila alisimama peke yake pale pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki akajibu maswali mpaka mwisho. Siku ile hukututumia methali.

Mjomba Kombo: 2017 nilikuwa na mulika mwizi, haina WhatsApp.

Fahmi: Sikizeni. Nimetengeneza karatasi ya alama. Kujibu swali 40, takwimu 20, utulivu 20, lugha 20. Kila mtu atume zake mdahalo ukiisha.

Ami Hamisi: Lugha gani hiyo Fahmi? Karibu wote ni Kiingereza. Bibi yako asikia nini hapo?

Saumu (niko kwa Bibi): Bibi yuwatazama mikono. Asema huyu mikono yake haitetemeki. Pia auliza yule mwengine yuwaja saa ngapi.

Fahmi: Mwambie haji.

Saumu (niko kwa Bibi): Nimemwambia. Asema hwenda yuko njiani, Nairobi kuna foleni.

Dada Mwanaisha (Doha): 😂😂😂 Bibi jamani

Dada Mwanaisha (Doha): Na wale wengine? Yule aliyeahidi kuhalalisha bangi na kufuga nyoka?

Fahmi: Wajackoyah alisusa. Kura za maoni zilimpa chini ya asilimia 5 akawekwa zamu ya kwanza na Mwaure Waihiga, naye akataka wote wanne wapande pamoja. Kwa hivyo Waihiga naye kaongea peke yake jioni.

Fahmi: Yaani leo Kenya imefanya midahalo miwili yenye wajadili wawili, na hawakukutana.

Mjomba Kombo: Hiyo ya mwisho nimeipenda. Naiweka status.

Ami Hamisi: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 4:12*

Halati Zuhura: Ami Hamisi, dakika nne! Andika.

Ami Hamisi: Nimesema hivi. Mtu akijadiliana na kiti, utampimaje? Akisema bei imepanda kwa sababu ya fulani, fulani hayupo wa kumwambia "na wewe ulikuwa naibu wa nani miaka tisa yote hiyo?"

Mjomba Kombo: Si waandishi Latiff na Yvonne Okwara wamemuuliza? Wamemuuliza ya mashamba, wamemuuliza ya ufisadi. Hawakumuachia.

Ami Hamisi: Mwandishi akiuliza mara mbili lazima aende swali jengine, saa inamkimbiza. Mpinzani hana saa. Mpinzani akikushika pabaya haachi.

Fahmi: Hapo Ami una pointi. Kwenye mdahalo wa shule yetu, asiyefika anapoteza. Ni kama mpira, pointi tatu za mezani. Lakini ukipewa za mezani huwezi kusema ulicheza vizuri.

Mjomba Kombo: Ila kwenye msimamo wa ligi zahesabiwa 😎

Halati Zuhura: Nyie endeleeni na mpira. Mimi nilikuwa nangoja la unga tu. Nimelisikia. Asema ruzuku iwekwe kwa mkulima, kwenye mbolea, si kwenye pakiti dukani.

Mjomba Kombo: Na ni kweli dada. Ukipunguza bei ya pakiti, pesa zikiisha bei yarudi palepale.

Halati Zuhura: Kweli, sikatai. Lakini mimi sipandi, mimi nakaanga. Mbolea ya leo ni unga wa mwakani. Mahamri yangu ni ya kesho saa kumi na moja alfajiri. Na huo unga wa mia waliotangaza wiki iliyopita ni wa sima, si wa ngano, na hata huo hapa mtaani sijauona. Ngano imepanda tangu Urusi na Ukraine waanze vita vyao. Andazi nimepunguza mpaka mteja juzi aniuliza kama ni kaimati.

Dada Mwanaisha (Doha): 🤣🤣 Kwa hivyo kujibu swali wampa ngapi kati ya 40?

Halati Zuhura: Nampa 25. Alijibu, ila hakunijibu mimi.

Fahmi: Takwimu mimi nampa 15 kati ya 20. Yuwazijua nambari zake, hasomi popote. Lakini hebu tuzipime. Ile Hustler Fund, mfuko wa mikopo aliouahidi, ni bilioni 50. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6. Gawanya. Ni kama shilingi 1,050 kila kichwa.

Mjomba Kombo: Si sadaka Fahmi, ni mkopo. Wengine hawatachukua, wengine watarudisha, zazunguka.

Halati Zuhura: 1,050 ni mafuta ya kupikia lita mbili na chenji. Zizunguke wapi?

Ami Hamisi: Ahsante shemeji Zuhura.

Halati Zuhura: Usinishukuru. Wako nawe angekuja tungemuuliza hayohayo. Ile elfu sita kila mwezi kwa familia maskini aliyoahidi, nilitaka kusikia itatoka mfuko gani. Nimeosha vyombo mapema kwa ajili hiyo. Nimekasirika kweli.

Ami Hamisi: Ataeleza kwenye mikutano.

Halati Zuhura: Mkutanoni nani amkatiza? Huko ni ngoma na fulana. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Dada Mwanaisha (Doha): Mimi nilifurahia ule wa wagombea wenza wiki iliyopita, Karua wa Raila na Gachagua wa Ruto. Ule ulikuwa mdahalo. Mmoja akirusha mwengine adaka. Karua alisimama kama yuko mahakamani.

Mjomba Kombo: Gachagua naye alisimama kama yuko baraza la DO, yule afisa wa serikali wa tarafa. Si alikuwa DO kweli? Wazee walimuelewa kuliko huyo wakili wenu.

Fahmi: Ile mimi nilitoka 60 kwa 55, na mpaka leo sitasema nani 60.

Dada Mwanaisha (Doha): Na zamu yao ya kwanza, yule msichana wa Roots, chama cha Wajackoyah, Justina Wamae. Hapandishi sauti, hatoi jasho. Bosi wake ataka tufuge nyoka, yeye aongea kama karani wa benki.

Halati Zuhura: Basi mimi niwaambie jambo. 2013 tulitazama mdahalo wa wagombea urais wote wanane, mnakumbuka? Sebuleni kwa Bibi, watu mpaka dirishani. Raila akamtupia Uhuru, aliyekuwa na kesi ICC, ile ya kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague, nyumba nzima ikalia. Asubuhi mtaa mzima wamsifu Peter Kenneth, kijana kanyooka, aongea vizuri. Na yule mwalimu Dida alituchekesha hadi tukasahau sima jikoni.

Fahmi: Na kura je? Ngoja nitafute.

Fahmi: Peter Kenneth 72,786. Dida 52,848. Martha Karua 43,881.

Dada Mwanaisha (Doha): Dida alimpita Karua?? Na Karua kawa waziri wa sheria?

Fahmi: Alimpita. Na Kenneth aliyesifiwa kote, kura zake zajaza uwanja wa Kasarani na kumwagika kidogo nje, basi. Uhuru alipata milioni sita na kitu.

Mjomba Kombo: Kwa hivyo hizi alama zako ni za kazi gani?

Fahmi: Ni za kujua nani alijibu, Mjomba. Sikusema ni za kujua nani atashinda.

Ami Hamisi: Alama zangu: kujibu 15, takwimu 10, utulivu 18, lugha 15. Jumla 58.

Mjomba Kombo: Utulivu 18 kutoka kwa Hamisi! Pigeni picha hii.

Ami Hamisi: Hana wa kumtibua, kwa nini asitulie? Hata mimi nikiwa peke yangu nyumbani ni mpole sana.

Mjomba Kombo: Mimi 85. Na Raila sufuri.

Fahmi: Raila si sufuri Mjomba, ni *hakufanya mtihani*. Hata kwenye ripoti ya shule huandikwa X.

Halati Zuhura: Muandikie X. Na Wajackoyah X. Na Uhuru wa 2017 X, kama daftari lako lina nafasi.

Dada Mwanaisha (Doha): Mwaka huu Qatar tumo, twapiga kura huku. Nitakwenda tarehe 9 Agosti inshallah. Nilitaka leo inisaidie kuamua. Haijanisaidia hata chembe.

Halati Zuhura: Nenda hivyohivyo. Nani ataka mahamri kesho? Nafunga hesabu saa nne.

Ami Hamisi: Kumi.

Mjomba Kombo: Kumi na mbili. Ya ukubwa wa 2013 tafadhali.

Fahmi: Saumu, alama za Bibi?

Saumu (niko kwa Bibi): Mdahalo umeisha lakini amekataa nizime runinga. Amemuekea yule mwengine chai.