Diski gani ya grinda inafaa kuchongea granaiti?

Wakuu, naomba ushauri. Niko Tabora, nachonga vibao vya makaburi kwa granaiti ya huku kwetu. Nina grinda ndogo ya inchi 4.5. Zile diski nyeusi za kukatia mawe zinaisha kama sabuni, kibao kimoja diski tatu! Nikanunua ya almasi yenye meno. Ikakata vizuri siku mbili, sasa inateleza tu na kutoa cheche. Fundi mmoja kaniambia niikatishe kwenye tofali la kuchoma ili almasi mpya zitokeze. Kuna aliyejaribu? Na herufi je, nitumie diski nyembamba isiyo na meno au ipi? Kukata huku namwagia maji ili kuzuia vumbi naogopa, grinda ni ya umeme. Ila vumbi nalo limeshaanza kunikohoza, barakoa ya kitambaa haifui dafu.