Mjadala: Je, kujibu maswali ya umma mtandaoni kuhesabiwe kuwa kazi ya mhadhiri?

Mwanzisha mada

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo wanataaluma hawajawahi kukubaliana juu yake. Karibu kila chuo kikuu hujitambulisha kwa majukumu matatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Mawili ya kwanza yana saa zake katika ratiba, yana bajeti, na yana uzito wakati wa kupandishana vyeo. La tatu hutajwa kwenye hotuba za mahafali, kisha mhadhiri huachiwa alitimize kwa muda wake mwenyewe, akipenda. Nasema kwamba njia iliyo wazi zaidi ya kulitimiza leo ni kujibu maswali ya watu katika majukwaa ya maswali na majibu, kwa jina halisi la mjibuji na kwa idhini ya chuo chake, na kwamba kazi hiyo ihesabiwe kuwa kazi, isichukuliwe kuwa hisani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibuni Usenet, mtandao wa mijadala kupitia kompyuta, na kwa miaka mingi kabla ya kuwapo kurasa za wavuti wasomi walikuwa wakiulizana na kujibizana humo. Mwaka 2009 kundi la wanahisabati vijana, wengi wao wakiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilianzisha MathOverflow, mahali pa maswali ya kiwango cha utafiti, na miongoni mwa waliojibu humo wamo Terence Tao na William Thurston, wote washindi wa Medali ya Fields, tuzo ya juu ya wanahisabati. Jibu moja la Thurston la mwaka 2010 bado linasomwa: mtu aliuliza afanye nini ili kuchangia hisabati ilhali hana kipaji cha wakubwa wa fani hiyo, naye akamjibu kwamba zao la hisabati ni uelewa, wala si nadharia zilizothibitishwa peke yake. Hakuna jarida la kitaaluma ambalo lingechapisha jibu lile, na sidhani kama kamati yoyote ya vyeo ingelipa hata alama moja.

Tazameni kwamba hakuna seneti ya chuo iliyoagiza lolote kati ya hayo. Ni watu binafsi waliojitolea, na ndiyo sababu neema hiyo imeanguka upande mmoja: hisabati na uandishi wa programu zimejaa wajuzi, ilhali katika fani nyingine muulizaji hukutana na yeyote mwenye muda na sauti kubwa. Chuo kinaweza kurekebisha hali hiyo kwa hatua chache. Idara ipange zamu, ili mzigo usimwelemee mmoja. Majibu yatolewe chini ya leseni huria na nakala zake zihifadhiwe katika hazina ya maktaba. Wakati wa kutathminiwa, mhadhiri awasilishe majibu machache anayoyaona bora, kama anavyowasilisha machapisho yake, nayo yasomwe na wenzake wa fani. Idadi ya majibu na kura za wapitaji zisihesabiwe kabisa.

Mhadhiri wa sayansi za afya

Nimeisoma hoja kwa makini na naomba kutofautiana, hasa kwa niaba ya fani yangu. Mtu anapouliza hadharani kwa nini mguu wake umevimba, hilo si swali la kitaaluma hata kama limeandikwa kwa lugha ya kitaaluma. Ni mgonjwa anayeomba kuchunguzwa na mtu asiyeweza kumwona. Mguu uliovimba unaweza kutokana na kusimama muda mrefu, na unaweza pia kutokana na damu iliyoganda katika mshipa wa ndani, hali ambayo huua ikiwa bonge hilo litasafiri hadi kwenye mapafu. Nikijibu kwa tahadhari zote zinazotakiwa, jibu langu halitamsaidia. Nikijibu moja kwa moja, nimetibu bila kupima. Jina la chuo likiwa chini ya jibu hilo, atakayeshtakiwa ni nani?

Lipo na suala la muda, ambalo mwanzisha mada amelipita haraka mno. Jibu zuri la aya nne linaweza kumaliza alasiri nzima, kwa sababu mwandishi analazimika kurudi kwenye vyanzo na kukisia muulizaji anajua nini tayari. Wahadhiri wanaosahihisha mitihani ya madarasa makubwa hawana alasiri za ziada. Zamu inayopendekezwa haitapunguza kipindi hata kimoja. Itaongezwa juu ya vipindi vilivyopo, kama yalivyoongezwa mambo mengine yote yaliyoanza kwa nia njema.

Mtafiti wa sayansi ya kompyuta

Mimi nimekuwa mjibuji katika majukwaa haya kwa muda mrefu na nayapenda, na kwa sababu hiyo hiyo naipinga nusu ya hoja. Nakubali wasomi wajibu. Sikubali walipwe kwa alama za vyeo.

Tangu Stack Overflow, jukwaa la maswali ya uandishi wa programu, ianzishwe mwaka 2008, utaratibu wake umekuwa wa kutoa pointi kwa kura za wasomaji, na kila aliyekaa humo anajua tabia iliyozaliwa: watu hukimbilia maswali mepesi, kwa kuwa wengi huyasoma na wengi huyapigia kura, na swali gumu lililoulizwa vizuri hukaa bila mtu. Hapo tunazungumzia pointi zisizonunua chochote. Zikiunganishwa na mshahara mtapata wahadhiri wanaoulizana maswali wao kwa wao ili wajibizane. Msidhani natia chumvi. Kwenye machapisho tumekwisha kuona kununuana nafasi za uandishi na kutajana kwa makubaliano.

Mwanzisha mada atasema kwamba yeye hataki pointi, anataka majibu machache yasomwe na wenzake wa fani. Nakubali kwamba utaratibu huo ni bora zaidi. Hata hivyo, kamati zina tabia ya kugeuza kila kitu kuwa namba baada ya miaka michache, kwa sababu namba hazihitaji kusomwa. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, liliomba taasisi ziache kumpima mtafiti kwa kigezo cha umaarufu wa majarida anamochapisha. Taasisi nyingi zimetia saini. Waulizeni watafiti vijana kama kweli wanaamini kigezo hicho kimeacha kutumika.

Mkutubi wa chuo

Mabishano yenu yanahusu nani ajibu na alipwe nini. Naomba niulize jibu litakaa wapi.

Yahoo! Answers ilifunguliwa mwaka 2005 na ikafungwa mwaka 2021. Kwa muda wote huo watu walikuwa wakiweka humo maarifa, mengine ya kipuuzi na mengine ya thamani, kisha kampuni ikatangaza tarehe ya kufunga na mlango ukafungwa. Kilichosalia ni kile ambacho watu wa kujitolea waliwahi kukinakili. Chuo kikipeleka ujuzi wake wote kwenye jukwaa la kampuni, kinajenga juu ya kiwanja cha mtu. Leseni huria inayotumiwa na mtandao wa Stack Exchange, ambao Stack Overflow ni sehemu yake, inasaidia, maana humruhusu yeyote kunakili na kuchapisha upya mradi amtaje mwandishi na aache leseni ileile, lakini ruhusa ya kunakili haina maana kama hakuna aliyenakili. Mwaka 2024, Stack Overflow ilipotangaza makubaliano na OpenAI, kampuni ya akili bandia iliyounda ChatGPT, baadhi ya waandishi walijaribu kufuta au kuharibu majibu yao wenyewe kwa hasira, wakakuta hawawezi, na baadhi yao akaunti zao zikasimamishwa. Hilo peke yake linatosha kutufundisha kwamba mamlaka yapo mikononi mwa nani.

Wapo wanaosema basi kila chuo kijenge jukwaa lake. Nawasihi msifanye hivyo. Muulizaji hajui, wala hapaswi kujua, swali lake ni la chuo gani. Yeye huandika swali kwenye kitafutio na kwenda anakoelekezwa. Jukwaa la chuo kimoja huzinduliwa kwa picha na hotuba, hupata maswali machache, mengi yakiwa ya kuulizia ada na matokeo, kisha hubaki ukurasa mtupu ambao hakuna anayethubutu kuuondoa kwa kuwa ulizinduliwa na mkuu. Jibuni pale ambapo watu tayari wapo, na kila jibu lenye uzito lipewe nakala katika hazina ya maktaba, pamoja na kitambulisho cha kudumu kama tunavyofanya kwa tasnifu. Kazi hiyo ni ndogo kwetu. Tunachohitaji ni kuambiwa kwamba ni kazi yetu.

Msomaji asiye wa chuo

Wazee wangu, naomba nafasi fupi. Mimi ni miongoni mwa hao mnaowaita umma. Nimeuliza katika majukwaa hayo zaidi ya mara moja, na mara nyingi swali langu lilifungwa kabla halijajibiwa: mara ni marudio, mara halieleweki, mara si la mahali hapa. Pengine walikuwa na haki. Lakini mtu asiyejua jambo hawezi kuuliza kwa maneno ya anayelijua, na kama angeyajua maneno hayo angekwisha kupata jibu kwenye kitafutio. Kabla hamjaamua nani apewe cheo, amueni nani atampokea mtu kama mimi mlangoni na kunisaidia kulinyoosha swali langu.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango hii, na nianze na wa mwisho, maana ndugu yetu amegusa mahali ambapo nadhani jibu la mambo mengine limejificha.

Kulinyoosha swali ni kazi ya kitaaluma kamili, na wanaoweza kuifanya vizuri kuliko maprofesa ni wanafunzi wa miaka ya mwisho, ambao bado wanakumbuka ilivyokuwa kutoelewa. Uholanzi ilikuwa na mfano wa namna hiyo tangu miaka ya 1970, kabla ya intaneti: vyuo vikuu vilifungua madawati yaliyoitwa maduka ya sayansi, ambapo vikundi vya wananchi wasio na uwezo wa kulipia utafiti vilileta maswali yao. Watumishi wa dawati waliyageuza kuwa maswali yanayotafitika, wanafunzi wakayafanyia kazi kama sehemu ya masomo yao, na wahadhiri wakasimamia. Muundo huo ukihamishiwa mtandaoni, hesabu ya muda inayompa hofu Daktari wetu wa afya inabadilika, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi inaingia ndani ya kozi ambayo tayari ina saa zake: mwanafunzi anaandika jibu, msimamizi analisahihisha, na linatoka likiwa na majina ya wote wawili.

Kuhusu mguu uliovimba, sidai mtu atibiwe kwa maandishi. Lakini Daktari, aya yako umeiandika hapa hadharani, na tayari imemweleza msomaji kwamba kuna chanzo chepesi na chanzo cha hatari, na kwamba cha pili kinaweza kuua. Hukumtibu mtu. Umempa sababu ya kwenda kuonwa haraka, na hiyo ndiyo elimu ya umma ninayoitetea. Mpaka kati ya kueleza ugonjwa na kumhukumia mgonjwa unaweza kuandikwa katika kanuni ya ukurasa mmoja. Jamvi la maswali ya historia la AskHistorians, ndani ya mtandao wa mijadala wa Reddit, lililoanza mwaka 2011, limeonyesha kwamba kanuni kali zinawezekana: wasimamizi wake hufuta majibu mepesi na kumdai mwandishi vyanzo anapoulizwa, na watu hawajalikimbia.

Mtafiti wetu ananitia mashaka zaidi, nami sitaki kumjibu kwa haraka. Ni kweli kamati hupenda namba. Lakini kutokuthamini nako kuna matokeo yake, nayo tunayaona: wanaojibu ni wale wenye ajira za kudumu au wasio na watoto wa kulea jioni, na kijana anayetafuta cheo huambiwa na msimamizi wake aache mchezo. Nchini Uingereza, tathmini ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2014 iliipa athari nje ya taaluma asilimia 20 ya alama, na ile ya mwaka 2021 ikaipandisha hadi 25, kwa kusoma masimulizi ya mifano michache badala ya kuhesabu vitu. Wengi huko wanaulalamikia utaratibu huo kwa urasimu wake. Hata wao hawasemi kwamba haiwezekani kuisoma kazi ya aina hii na kuipima.

Mtafiti wa sayansi ya kompyuta

Mfano wa wanafunzi nimeupenda, ingawa unaniachia hofu nyingine. Mwezi Desemba 2022, siku chache tu baada ya ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika majibu, kutolewa, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yaliyoandikwa nayo, kwa kuwa yalikuwa yakimiminika, yakionekana mazuri, na mengi yakiwa na makosa ambayo ni mjuzi tu anayeweza kuyaona. Mwanafunzi anayejibu ili apate maksi, mwenye programu hiyo mkononi na msimamizi mwenye haraka, ndiye mlango ambao majibu hayo yatapitia yakiwa na muhuri wa chuo. Kama ni lazima tuanze, napendekeza msimamizi awe tayari kulitetea kila jibu hadharani kwa swali la nyongeza, bila kuandikiwa na mtu wala mashine. Atakayeshindwa, jibu liondolewe pamoja na jina lake.

Mhadhiri wa sayansi za afya

Kwa sharti hilo, na kwa kanuni ya ukurasa mmoja itakayopitiwa kwanza na wanasheria wa chuo, niko tayari idara yangu ijaribu muhula mmoja, kwa maswali ya lishe na chanjo peke yake. Ya uchunguzi wa mtu binafsi bado nayakataa. Na kipindi kimoja cha kufundisha kiondolewe kwenye ratiba ya kila msimamizi kabla zamu ya kwanza haijapangwa, si baadaye.